Glavu Moja

Jumamosi ya pili ya Novemba, Kuldīga.
Meza yangu ni mlango wa zamani juu ya vigoda viwili.
Kitasa bado kipo. Watoto hukizungusha
kana kwamba chini ya sufu kuna chumba.

Kushoto kwangu Ilmārs na miiko yake ya mti wa tufaha,
kulia Skaidrīte, vikapu vya fito,
akiilaumu mvua, kisha serikali, kisha goti lake,
kwa mpangilio huohuo kila wiki.
Mpaka saa tano hakuna aliyeuza.

Mwanamke mmoja akaishika jozi nyekundu,
akaipindua ndani nje, nje ndani,
akasema: dukani ni yuro sita.
Nikamjibu ndiyo, dukani ni sita.
Jioni zangu kumi na moja
zikarudi mezani, zikalala chali.

Kisha akaja kijana mrefu, koti la zimamoto,
ngumi imefumba kitu.
"Ulimfumia mama yangu, miaka tisa sasa.
Ya kushoto imepotea basini. Nifumie hiyo tu."

Niliitambua kabla hajaikunjua.
Kijani, nyota nyeupe, na pale penye kidole gumba
vitanzi viwili vilivyoponyoka
usiku ule simu ilipolia kutoka hospitali ya Liepāja.
Niliporudi kwenye sindano ilikuwa wiki nyingine.
Sikufumua.

"Glavu ni pacha," nikamwambia. "Kuuza moja ni mwiko."
Ilmārs, bila kuinua kichwa:
"Miiko ninayo mimi hapa. Mikubwa minane,
midogo kumi na minane. Na yote inauzwa."
Skaidrīte alicheka mpaka akasahau goti.

Basi nikaifuma.
Kijani kile hakipo tena;
Velta aliyekuwa akikichemsha kwa majani yake
yuko chini ya theluji ya pili.
Nikachanganya vijani viwili, nikaomba taa iniongopee.
Na mkono nao umebadilika, siku hizi unakaza,
kila kitanzi kama mdomo wa mtu aliyekataa kusema.
Nilipofika kwenye gumba nikaviacha vitanzi viwili, kwa hiari.
Nikatazama.
Kosa la makusudi halifanani na kosa.
Nikafumua, nikafuma sawasawa.

Desemba akarudi, masikio mekundu,
mkononi glavu mbili za kijani.
Dereva alikuwa ameiweka kwenye kisanduku cha tiketi,
muda wote huo, karibu na mkate wake.
Hata hivyo akanilipa, yuro kumi na tano.
Nilizipokea. Nisiseme uongo, kuni ni ghali.
Ila ile ya tatu akaniachia,
ikabaki katikati ya jozi
kama mtu aliyeingia harusi isiyo yake.

Saa tisa na nusu giza lilikwisha kushuka.
Ilmārs bado anachonga, kisu mkono wa kulia,
wa kushoto umeushika mti, umegeuka zambarau.
"Mkono wa kisu hautaki sufu," alinieleza zamani, "huteleza."
Nikamsogezea ile ya kushoto. Sikusema neno.
Ikambana. Akaunyoosha mkono mbele ya taa,
akaviona vijani vyote viwili.
"Italegea," akasema.

Kisha akapekua chini ya meza,
akatoa mwiko ambao hajawahi kuupanga na mingine.
"Una fundo hapa shingoni."
"Naliona."
"Hakuna anayeutaka."
"Nimeliona, Ilmārs. Lete."

Asubuhi nilikoroga uji wa shayiri.
Gumba langu lilitafuta kidogo,
likakaa juu ya fundo.