Riba ya Magunia Matano

Mwalimu Nandonde anaandika ubaoni: Mtaji. Riba. Muda.
Kila akifika kwenye alama ya asilimia, chaki inamkatikia.
"Chukueni mfano wowote," anasema, "wa benki yoyote."

Nje, ukungu wa Newala bado umelalia mabati ya chuo.
Kikokotoo tunacho kimoja, mimi na Likapa,
namba saba yake haikubali mpaka uibonyeze kwa ukucha.

Likapa amechukua mfano wa benki.
Mimi nimechukua mwezi wa sita.

Mwezi wa sita mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua,
Mchopa akaja na pikipiki, akakalia tofali uani,
akanunua kwa mama korosho ambazo hazijawa korosho.
Magunia matano, kilo mia nne, elfu moja kwa kilo.
Laki nne taslimu, zimebanwa kwa mpira wa njano,
zikapitiliza hadi kwa mhasibu wa chuo.
Risiti ninayo. Ndiyo kialamisho cha daftari langu.

Kangomba haina fomu.
Haitaki barua ya mtendaji wala picha mbili za pasipoti.
Haiulizi dhamana: dhamana inachanua nyuma ya nyumba,
nyuki wameshaijua.

Mwezi wa kumi, mnadani,
bei ilisimama elfu mbili na mia moja.
Nikazidisha. Nikatoa.
Laki nne na elfu arobaini
juu ya laki nne
kwa miezi minne.
Nikaivuta hadi mwaka, kama tulivyofundishwa,
kikokotoo kikaleta mia tatu na thelathini,
nikadhani betri inaisha.

"Somoe, umepata asilimia ngapi?"
Darasa zima likageuka.
"Kumi na nane, mwalimu," nikasema,
nikisoma daftari la Likapa.
Akaniwekea vema.

Jioni mama anachambua mbaazi kwenye ungo.
"Leo mmesoma nini?"
"Riba."
Hakuinua uso. Aliokota kijiwe, akakitupa kwa kuku.
"Yule, kabla hajazima pikipiki, nilishajua atakula kiasi gani.
Benki walitaka hati ya shamba.
Hati ina jina la marehemu baba yako,
na ndugu zake unawajua.
Chuo nacho kilisema mwisho Ijumaa."
Ungo ukapepetwa mara mbili, mara tatu.
"Nenda kasome. Mafuta ya taa si ya kuzungumzia."

Kesho tuna urari:
kushoto na kulia vilingane, mwalimu anasema, hata kwa senti.
Nimechora mstari katikati ya ukurasa.
Kulia, kwenye wanaotudai, nimeandika Mchopa,
nikamkata: alishabeba magunia yake.
Chini yake, kwa penseli, nimeandika mama.
Safu ya kiasi iko wazi.
Utambi unashuka, na Likapa ndiye mwenye kikokotoo usiku wa leo.