Mnunuzi Anauliza Uzito

Yule mnunuzi wa Sharja ameniandikia tena:
nipe vipimo, dada, hadithi sina haja nayo.

Haya. Pima kwa inchi, maana ndivyo lilivyozaliwa:
ekseli kwa ekseli, themanini na nane.
Injini ya petroli, silinda nne, lita mbili na robo.
Gia nne za mbele, na ya pili haiingii
mpaka uiombe radhi.
Volti ishirini na nne, kwa ajili ya redio
ambayo sisi hatukuikuta. Yamebaki matundu ya skrubu
na harufu ya mpira ulioungua.
Rangi, mchanga. Kwangua kwa ukucha: kijani.
Kwangua tena: kijani kingine.

Marehemu baba alilitoa mnada wa jeshi,
akalivuta kwa kamba hadi Ibra
nyuma ya lori la majani ya ng'ombe,
siku ya Jumatano, wanawake wanatoka sokoni kwao,
na shangazi Shinuna akasema kwa Kiswahili
ili jirani wasifahamu:
"Zahor, kabati la nini hili, na magurudumu yake?"

Lilitengenezwa libebwe angani. Hilo liandike.
Helikopta inashusha minyororo, gari linaning'inia
kama paka aliyekamatwa shingo.
Ila helikopta za zamani zile hazikuwa na kifua,
mafundi wakakata shauri: vitoke.
Milango itoke. Kioo cha mbele kitoke. Turubai na mbavu zake,
bampa, gurudumu la akiba,
hata ubavu wa nyuma, nusu ya juu.
Mtu mmoja, spana mbili, kabla chai haijapoa.
Baba alinifundisha nina miaka tisa.
Yeye anahesabu nati kwa Kiunguja,
mimi namjibu kwa Kiarabu cha shule,
na hesabu zetu zinakutana.

Safari ya kutoka Unguja hakuisimulia.
Mara moja tu, kichwa kikiwa chini ya boneti:
"Tuliambiwa mtu na mzigo mmoja."
Akaniomba spana ya kumi na tatu.

Sasa uzito.
Kwenye kitabu chake, mchwa wamekula ukurasa huohuo.
Kwa hiyo leo alfajiri nimelipeleka mizani ya malori,
machimbo ya kokoto, njia ya Sinau.
Mofijul, kijana wa Kibangali anayeshika kalamu pale,
alicheka, halafu akaniangalia usoni, akaacha.
Zima: kilo elfu moja mia nne na sitini.
Tukalivua, mimi na yeye, vyuma tukavilaza kokotoni.
Limevuliwa: elfu moja mia mbili na kumi.
Likasimama pale juu ya bamba la mizani,
usukani, viti, na upepo.

Jeshini walilibandika jina Jepesi.
Lakini Landrova ya mjomba Muhenna, ya kawaida,
isiyojua habari za angani,
ina milango yake yote, na mbuzi mmoja ndani,
na bado haifikii uzito wa hili letu likiwa kamili.
Nilimuuliza baba kwa nini. Alipangusa mikono kwa tambara
mpaka nikadhani amesahau swali.
"Kila kinachofunguka," akasema,
"kinataka chuma cha kukishikilia."

Basi una namba mbili, chagua utakayolipia.
Tumelirudisha lote, jua limeshapanda,
Mofijul amekaza ya mwisho kwa uzito wa mwili wake,
na kiganjani mwangu imebaki nati moja.
Baba naye ilimbakia moja, kila mara,
akaitia mfukoni mwa kanzu, akanyamaza.
Mama aliziokota akifua.
Liko bakuli juu ya friji, la udongo, limepasuka mdomo,
nati thelathini na tatu.
Thelathini na nne.
Hizo usizitie kwenye bei.