Chini Kulia

Kirkcaldy, mvua ya Januari. Kivinjari kimegoma:
"Muunganisho huu si salama."
Nimefuta vidakuzi, nimezima, nimewasha,
nimepuliza vumbi kama nakoka jiko la makaa.
Wapi.

Raya, kwenye simu, kutoka Leeds:
"Mama, hebu tazama tarehe."

Pembeni, chini kulia:
elfu mbili na mbili.
Kibetri kimekufa, mashine imerudi ilikotoka,
haiamini cheti cha tovuti yoyote;
vyote, kwake, ni vya kesho.
Hata cha Mbarouk, kilichomo drooni,
isingekiamini.

Mwaka ule alikikalia kiti hiki hiki
akiitukana printa, chai ikipoa.

"Umeshairekebisha?"
"Bado, mwanangu.
Kipanya kimekuwa kizito."