Daftari la Wageni

Nimevuka Kamanga na kivuko cha saa moja,
mkobani mna soda, kalamu mbili, na stakabadhi
ya kodi ya kichwa, iliyokunjwa miaka na miaka
hata kila kunjo limekuwa tundu:
"Wandu bin Makoye. Shilingi kumi."
Shilingi zilipokelewa zote. Jina, nusu.

Maana babu wa baba yangu alikuwa Ng'wandu,
na sauti ile ya mwanzo, ipitayo puani
kabla haijafika mdomoni,
kila karani aliikata alivyoweza.
Kiwanda cha pamba kilimwandika Gwandu,
ratili sitini na mbili, daraja la pili.
Hospitali ikamwandika Mwandu, kifua.
Nikadhani ni watu watatu.
Mwaka mzima nilitafuta makaburi matatu.

Hapa misheni, mwenye kabati ni katekista Fulgensi,
kijana wa juzi, ndala na funguo kumi na moja,
mmoja tu ndio ufunguao.
Anapangusa meza kwa kiwiko:
sami waliokufia kwenye taa jana usiku
wanamwagika sakafuni kama majani ya chai.
"Mwaka gani?"
Thelathini na moja, au mbili. Nyumbani walisema
mwaka wa nzige.
"Nzige hawamo," anasema. "Humu mna tarehe."

Mchwa wamesoma kabla yangu.
Walianza Januari, wakashiba Agosti,
wakaacha Septemba na nusu ya sahihi ya padri.
Kidole kinashuka. 214. 215.
217: "Paulo Nguandu. Umri, kama miaka ishirini.
Baba, Makoye, mpagani.
Mama, mpagani."

Basi. Nukta.
Wino haukutetereka.
Nikageuza ukurasa, kana kwamba mama mtu
alikuwa amejibanza nyuma yake.

Jina ninalo. Sikulitoa kwenye karatasi.
Bi Ngolo wa Igoma, ambaye hata si ndugu yetu,
alinitupia huku akipeta mchele
na kunigombeza kwa kuja mikono mitupu:
"Kashinje! Si ndiye aliyekopa mbuzi wa kwetu,
yule wa baka jeupe, akafa hajalipa?
Na nyie wajukuu mmekaa kimya!"
Miaka tisini mbuzi huyo anatafuna kinywani mwa watu baki,
na kamba aliyofungiwa ni jina la bibi yangu.
Kashinje: mtoto aliyetanguliza miguu.
Nitamlipa mwisho wa mwezi.

Namwambia Fulgensi, andika basi, pembeni tu,
kwa penseli.
Anafunga kitabu taratibu, kama afunikaye chungu.
"Hiki hakiongezwi, dada. Nikikuongezea wewe,
kesho atakuja mwingine na mamaye,
keshokutwa mwenye kesi ya shamba."
Sikumlaumu. Kwetu pia ipo kesi ya shamba.

Lakini mlangoni pana daftari jingine,
la kaunta, lina jedwali la kuzidisha mgongoni,
na kalamu imefungwa kwa uzi wa nyavu.
Jina. Utokako. Umekuja kumwona nani.
Walionitangulia wameandika Paroko, Paroko,
fundi bomba, Paroko.
Naandika kwa herufi kubwa, nikikandamiza
hadi ukurasa wa chini nao upate:
KASHINJE, MAMA YAKE NG'WANDU.
Ritifaa naiweka mahali pake,
nairudia mara mbili, iwe nene.

Fulgensi anasoma kichwa chini miguu juu.
"Umemkuta?"

Safu ya mwisho ni saa ya kutoka.
Nimeiacha wazi.