Sekunde ya Kumi na Tisa

Ghorofa ya tatu, Makadara, kiyoyozi kikiguna,
nabonyeza kitufe, nauambia mtandao: kuwa mnyonge.
Unatii. Ndani ya tarakilishi yangu
nyuzi za mwanga zageuka uzi wa kushonea vifungo,
na kila ombi ninalotuma kwa seva
hutanguliwa na nusu sekunde ya kimya,
kama mtu aliyekumbushwa deni.

Ukurasa ni wa zahanati.
Mama mjamzito achague siku, aandike jina, athibitishe.
Mambo matatu.
Lakini mimi na Kombe tumeupamba kama bibi harusi:
yeye alitaka picha ya daktari anayecheka,
mimi nikataka herufi za nakshi,
mteja akataka maua yanayochanua polepole
na kidude cha kuhesabu wageni.

Nahesabu.
Moja. Mbili. Weupe.
Tano. Weupe, kama kanzu ya Ijumaa kabla ya mchuzi.
Tisa. Nafasi za maneno zimefika, maneno yenyewe yako njiani.
Kumi na mbili. Paji la uso la daktari.
Kumi na tano. Nyusi.
Kumi na tisa. Meno! Anacheka,
na kitufe cha kuchagua siku hakijaonekana.

"Subira huvuta heri," asema Kombe.
Huvuta heri, namjibu, na huvuta bando.

Maana bando lenyewe namjua mwenyewe:
ni Mbeyu, atuuziaye viazi karai chini ya ngazi,
mimba ya miezi saba, kwao Mishomoroni,
anunuaye intaneti ya saa moja
kwa sarafu alizohesabu mara mbili.
Nimeigiza kasi yake, nikaigiza na ucheleweshaji,
hata vipande vinavyopotea hewani nimevipangia asilimia.
Lakini hapa sina kisanduku cha kuweka alama
kwa jua la saa saba juu ya kioo chenye ufa,
kwa unga wa dengu kidoleni,
kwa betri iliyobaki sita,
kwa kona moja ya dirisha ambapo mnara husikika,
tena ukisimama juu ya ndoo.

Na si mbali na ndoo hiyo,
chini ya mchanga wa Nyali,
waya unaibuka kutoka baharini
umebeba mazungumzo ya nchi na nchi,
unapita mtaa wa pili
bila kubisha hodi.

Basi tukaanza kupakua, kama makuli wa Kilindini.
Maua, chini.
Kidude cha kuhesabu, chini; wageni watajihesabu.
Herufi zangu za nakshi (nilinyamaza kidogo hapo), chini.
Kombe akambana daktari, akambana,
akabaki wa kilobaiti kumi na mbili, amefifia kama mzuka,
kisha akamtoa kabisa.
"Atacheka hukohuko zahanati."

Nikahesabu tena.
Moja. Mbili.
Tatu: *Chagua siku.*
Wino mweusi, karatasi nyeupe, basi.
Mbaya kama risiti ya duka la vyuma.
Nikaupenda.

Usiku nikampelekea Mbeyu kiungo.
Nilikaa nikiitazama simu,
na safari hii sikuwa na saa ya kupima.
Ikaja sauti yake, nyuma yake mtoto wa jirani akilia:
"Imefunguka. Nimepata Jumanne.
Ila mbona haina hata picha?
Yaonekana kama ya serikali."

Asubuhi, kabla Kombe hajafika,
nikauzima ule unyonge wa kuigiza.
Ukurasa wa zamani, tuliousahau bila kuufunga,
ukafunguka kabla sijanyanyua kidole:
maua yote, nakshi zote,
na daktari akanicheka
kwa meno thelathini na mawili.