Kisanduku Kimoja

Mwaka wa sensa, mwezi wa pili, mjini Viljandi,
nilibisha hodi nyumba ya mbao yenye rangi ya haradali,
nina fomu, kalamu mbili, na vidole visivyonisikia.
Heldur alifungua. Maimu, kutoka jikoni,
aliuliza kama nimevua viatu.

Tukapita umri, tukapita kazi
(mchimba visima, mstaafu; msugua lenzi za darubini, mstaafu),
tukapita idadi ya vyumba na aina ya jiko,
tukafika swali la kumi na tisa: Dini.

"Hakuna," akasema Heldur.
"Huna dini?"
"Hakuna Mungu. Dini ni habari ya baadaye."
Nikatia alama: Hana.
"Na mama?"
Maimu alikuwa akimenya kiazi.
Ganda lilishuka refu, halikatiki.
"Andika sijui."

Nikageuza fomu, nikatazama hadi nyuma.
Serikali haikuacha nafasi ya sijui.

"Miaka arobaini na sita," akasema Heldur,
"nalala kitanda kimoja na sijui.
Sijui ni hapana iliyovaa koti,
inaogopa baridi."
"Na hapana yako," akajibu bila kuinua kisu,
"ni ndiyo iliyovaliwa kinyume.
Mishono ile ile."

Akanionyesha dirishani: uani, chini ya theluji,
shimo lenye mfuniko wa bati.
"Alichimba mita ishirini na mbili. Pakavu.
Akarudi, akanawa, akasema hapa hakuna maji.
Nikamwambia, sema hukuyakuta."

"Kwani mtu achimbe mpaka wapi?"
Safari hii sauti ya Heldur haikuwa na ubishi.
"Mgongo una mwisho. Koleo lina mwisho.
Ipo siku unaweka zana chini, unasema basi,
unakwenda kuchota kwa jirani."

Kiazi kikatumbukia sufuriani.

Mimi karani. Silipwi kuuliza yasiyo kwenye fomu.
Nikauliza. "Mama, unaamini?"
"Kuamini? La. Tangu usichana wangu, la.
Lakini hakuna ni neno la ajuaye."
"Na wewe mzee, unajua?"
Akakuna sikio. Akautazama mfuniko wa bati.
"Kujua kama nijuavyo kina cha lile shimo?
Hapana. Ila simwekei mtu sahani."
"Wala mimi simwekei," akasema Maimu.
"Mlango tu, sijautia komeo."
"Ndiyo maana nyumba hii haipati joto!"

Wakacheka, kicheko cha watu
waliogombana hivi hivi kabla sijazaliwa.

Nikatia alama ya pili chini ya ile ya kwanza,
kisanduku hicho hicho, Hana.
Ilitoka ndogo, imeinama kidogo,
kama inachungulia.

Heldur alinisindikiza, akamwaga majivu vidatoni
nisiteleze, akaniaga
kwa lile neno la kale la kwao
ambalo Mungu amebaki ndani yake kama kokwa,
watu hulitema bila kulitafuna.

"Umemsikia?" Maimu akapaza sauti jikoni.
"Mwandikie na hilo!"

Sikuandika. Wino ulikuwa umeganda.