Riba, Darasa la Sita

Simu ya kwanza inaita sijautoa mswaki mdomoni.
Namba ngeni. Naiacha ilie.
Ya pili inampigia dada yangu Muheza,
ya tatu mwalimu mkuu,
ya nne fundi aliyeniezekea jiko mwaka juzi,
mtu niliyekwisha msahau jina:
"Unamfahamu huyu? Mwambie alipe."

Nilikopa laki tano. Niandike kwa tarakimu
kama ninavyowadai watoto: 500,000,
wajue sifuri zina uzito.
Ilikuwa ya kitanda cha Bombo na chupa mbili za damu,
na mama akainuka, sasa anakaanga bagia.
Hilo silijutii mbele ya mtu.

Rehani yao, kadi ya benki na namba yake ya siri.
Niliitaja kwa sauti, kaunta imejaa watu:
mwaka aliozaliwa marehemu mume wangu.
Tangu hapo kila mshahara wakatangulia wao mashineni,
wakavuta yao, laki na nusu,
mimi nikafika kukuta makombo.
Miezi saba. Piga mwenyewe.
Nikiuliza: "Hiyo riba, mwalimu. Huyo mtoto.
Mama yake bado."
Mama yake amelala palepale, hajageuka hata ubavu.

Mwezi wa nane nikaenda benki nikasema kadi imepotea.
Haikupotea.
Nilijua ilipo: Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
kwenye droo, imebanwa na rababendi
pamoja na kadi za walimu kumi na wanne,
manesi wawili, na mlinzi mmoja wa bandari.
Nikajaza fomu. Nikatia sahihi chini ya uongo,
mimi ninayemsimamisha mtoto mbele ya wenzake
akisema daftari limeliwa na mbuzi.

Ndipo simu zikaanza.

Kukopa arusi, kulipa matanga, wanasema,
na sisi wa Tanga hucheka
mji wetu kutiwa kwenye methali bila mwaliko.
Mimi arusi sikuiona.
Niliona dripu.

Alhamisi kaja mwenyewe, na pikipiki, hadi getini.
"Shikamoo, mwalimu."
Ramia Shemkai. Dawati la tatu, upande wa dirisha,
mwaka ule wa mvua zilizoingia darasani.
Viatu vimechongoka. Bahasha mkononi,
ndani karatasi ina neno WITO kwa wino mwekundu.
Akasema mahakama. Akasema utapeli, polisi,
makochi, friji, hata bati la jiko.
Hakuwa akinitazama; alikuwa akiisoma hofu
kama shairi la kukariri.

Nikamwambia, Ramia, niandikie.
"Nini?"
Deni. Hatua kwa hatua, kama ulivyofunzwa.

Akaandika mgongoni mwa bahasha, juu ya tangi la pikipiki,
na saba zake zina kamstari katikati,
kamstari kangu, nilikowakazania wote
ili saba isije ikajifanya moja.
Laki tano. Faini ya kuchelewa. Gharama za ufuatiliaji,
yaani mafuta ya pikipiki hiyohiyo.
Jumla: 870,000.

Na zile mlizokwisha kuvuta, umeziweka mstari gani?

Kalamu ikasimama.
Kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakamiminika,
mmoja akauliza kama huyu ni afisa elimu.
"Mwalimu," akasema polepole, "mimi nalipwa kwa kichwa."

Kichwa changu mimi. Sikumuuliza ni shilingi ngapi.
Nikamwonesha mhuri wa karatasi yake:
huu ni wa kwenu, Ramia, si wa mahakama.
Nakala ya mkataba je? Hana.
Akawasha pikipiki. Bahasha akaisahau,
au akaiacha. Hadi leo sijui.

Jumatatu ikaja ya kweli, ina mhuri wa kweli.
Mahakama ya Mwanzo, tarehe kumi na tisa, saa tatu asubuhi.
Magoti yaliniishia nguvu, sifichi;
nilikaa kwenye ngazi ya ofisi hadi chai ikapoa.
Nimeomba ruhusa ya siku moja.
Bahasha nimeitia ndani ya rejista
isikunjike zile saba.

Na wakiniuliza habari za kadi,
nitawaambia ilikuwa wapi.